Jinsi ya kuisoma jiografia na uchumi wa Chile, Peru na Bolivia

Anayetaka kulinganisha nchi hizi tatu mara nyingi hufungua kwanza jedwali la pato la taifa kwa kila mtu. Ataona Chile ina karibu dola 17,000, Peru karibu 8,000 na Bolivia karibu 4,000, kisha ataandika kwamba wa kwanza anajua kujitawala na wa mwisho hajui. Jibu hilo ni jepesi mno. Nchi hizi zinapakana, zinazungumza Kihispania, ziliwahi kutawaliwa na wakoloni wale wale waliokaa Lima, na zinachimba madini katika safu moja ya milima, Andes. Kinachozitenganisha kiko kwenye ardhi yenyewe: mwinuko, maji, na njia ya kufika baharini. Ukishavielewa vitu hivyo vitatu, tarakimu za fedha zitakueleza jambo. Ukianza na fedha, utabaki kukisia.

Tenga jioni mbili. Tafuta ramani ya mwinuko (ile yenye rangi ya kijani mabondeni na kahawia milimani), karatasi ya grafu, rula, kikokotoo, na intaneti ya kufungulia takwimu za serikali zao. Jioni ya kwanza ni ya kuchora, ya pili ni ya hesabu.

Chora mkato wa nchi kutoka pwani hadi bondeni

Usichore ramani nzima. Chora mstari mmoja tu, kutoka Arica, bandari ya kaskazini kabisa ya Chile, hadi Santa Cruz de la Sierra, mashariki mwa Bolivia. Miji hiyo iko karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 18 kusini, na kati yake kuna takribani kilomita 750 kwa mstari ulionyooka.

Kwa ulalo, sentimita 1 iwe kilomita 50. Mstari wako utakuwa na urefu wa sentimita 15. Kwa wima, sentimita 1 iwe mita 1,000. Kisha tia alama hizi:

- Sentimita 0: Arica, usawa wa bahari.
- Sentimita 2.7: mpaka wa Tambo Quemado, karibu mita 4,680. Pembeni yake chora kilele cha Sajama, mita 6,542, mlima mrefu kuliko yote Bolivia.
- Sentimita 6.8: Oruro, karibu mita 3,700.
- Sentimita 8.8: Cochabamba, karibu mita 2,560. Kabla ya kuifikia, barabara hupanda tena kupita mita 4,000, kwa hiyo usiunganishe Oruro na Cochabamba kwa mteremko mmoja laini.
- Sentimita 15: Santa Cruz, karibu mita 416.

Unganisha alama. Kosa la kawaida hapa ni kusahau kwamba wima umekuzwa mara 50 kuliko ulalo, kisha mchoraji akadhani milima imesimama kama ukuta. Andika «wima x50» pembeni ya mchoro. Hata hivyo mpando wenyewe ni mkali kweli: lori linalotoka Arica hupanda zaidi ya mita 4,600 ndani ya takribani kilomita 200 za barabara. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ni kama kupanda kutoka ufukweni Tanga hadi karibu na kibanda cha Kibo, ukiwa na kontena nyuma.

Utazame mchoro wako. Una ukanda mwembamba wa pwani, ukuta wa milima, kisha uwanda mpana ulioinuka kama meza, kisha mteremko hadi nchi ya joto. Uwanda huo ndio Altiplano, wastani wa mita 3,800. Ziwa Titicaca liko humo, mita 3,812 juu ya bahari, likigawanywa na Peru na Bolivia. La Paz, makao ya serikali ya Bolivia, iko karibu mita 3,640 (mji mkuu wa kikatiba ni Sucre, wengi hukosea hapo), na El Alto, mji pacha juu yake, unapita mita 4,000.

Sasa zipe nchi tatu nafasi zake kwenye mchoro. Chile ni kipande cha kushoto tu: nchi ya urefu wa takribani kilomita 4,300 lakini wastani wa upana usiofika kilomita 200. Bolivia inaanzia juu ya meza na kushuka mashariki, bila pwani. Peru ina vipande vyote vitatu, na Waperu wenyewe huviita costa, sierra na selva: pwani, milima, msitu. Msitu unachukua karibu asilimia 60 ya ardhi ya Peru, ilhali zaidi ya nusu ya watu wanaishi pwani, kwenye sehemu isiyozidi sana moja ya kumi ya nchi.

Fuata maji

Kwenye mchoro wako, upande wa bahari, chora mshale unaotoka kusini kwenda kaskazini. Huo ni mkondo baridi wa Humboldt. Maji yake baridi huipoza hewa ya chini, hewa hiyo haipandi, na mvua hainyeshi. Upande wa mashariki, milima huzuia unyevu unaotoka Amazoni. Kati ya vizuizi hivyo viwili limelala jangwa la Atacama, na karibu pwani yote ya Peru ni mwendelezo wa ukame huo huo. Lima ina watu takribani milioni 10, na kwa mwaka mzima hupata mvua ambayo Zanzibar huipata asubuhi moja ya masika. Kinachoonekana angani Juni hadi Septemba ni ukungu na manyunyu yanayoitwa garúa, yasiyojaza hata ndoo.

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu ukulima wote wa kisasa wa Peru umejengwa juu ya tatizo hili. Mito inayoshuka kwenda Pasifiki ina takribani asilimia 2 tu ya maji yote matamu ya nchi. Mengine huelekea Amazoni, wasikokaa watu wengi. Kwa hiyo Waperu walitoboa milima. Mradi wa Olmos hupitisha maji ya upande wa Amazoni kwenye handaki la takribani kilomita 20 chini ya Andes hadi jangwa la Lambayeque. Mradi wa Chavimochic huyachukua maji ya mto Santa na kuyatembeza kwenye mifereji hadi mashamba ya La Libertad. Jangwa hilo lililotiliwa maji ndilo lililoifanya Peru kuwa msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani wa bluuberi, na mshindani mkali wa wakulima wa Kenya na Tanzania katika soko la parachichi la Ulaya. Jua halikatiki, baridi kali haipo, wadudu na kuvu ni wachache kwa sababu ya ukavu, na mkulima hupangia maji mwenyewe.

Ila ukisoma habari za Ica, kusini mwa Lima, angalia chanzo cha maji. Kule asparaga na zabibu vimenyweshwa kwa visima, na maji ya chini yamekuwa yakishuka. Shamba la mfereji na shamba la kisima yanaweza kuonekana sawa kwenye picha na katika takwimu za mauzo, lakini maisha yake mbele si sawa. Kila unapokutana na zao la pwani ya Peru, uliza kwanza: maji haya yanatoka mtoni, handakini, au kisimani?

Chile ina swali jingine: maji ni ya nani? Sheria ya maji ya 1981 iliruhusu haki za maji kumilikiwa na kuuzwa kando na ardhi, na marekebisho makubwa yalikuja mwaka 2022. Huko kaskazini migodi imeanza kuachana na maji ya milimani. Mgodi wa Escondida, mkubwa kuliko yote ya shaba duniani, huondoa chumvi kwenye maji ya bahari na kuyasukuma kwa pampu hadi zaidi ya mita 3,000 juu. Rudi kwenye mchoro wako uone maana yake: gharama ya umeme wa pampu imo ndani ya kila tani ya shaba. Kwa hiyo ukilinganisha gharama za migodi, usitazame ubora wa mawe peke yake. Tazama mwinuko na umbali wa mgodi kutoka baharini.

Tafuta njia ya kwenda baharini

Bolivia ilikuwa na pwani. Iliipoteza kwa Chile katika Vita vya Pasifiki vilivyoanza 1879, vilivyopiganiwa jangwa lenye chumvi ya naitreti, mbolea iliyotafutwa sana wakati ule. Peru nayo ilipoteza ardhi. Mkataba wa 1904 ulithibitisha kwamba pwani ni ya Chile, na kwa upande wake Chile iliahidi Bolivia kupitisha mizigo bila vizuizi na kujenga reli ya Arica hadi La Paz, takribani kilomita 440, iliyofunguliwa 1913. Ukitumia ramani ya kabla ya 1929, uwe mwangalifu: ndipo Tacna iliporudishwa Peru na Arica ikabaki Chile. Mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile hailazimiki kisheria kujadiliana na Bolivia kuhusu kuipa njia yake yenyewe ya baharini.

Msomaji wa Lubumbashi, Kigali au Bujumbura hahitaji kuelezwa sana uchungu wa jambo hili, maana anajua bei ya saruji hupandaje kati ya Dar es Salaam na kwao. Tofauti ni kwamba lori la Bolivia hupanda ukuta ule uliouchora, na theluji ikianguka Tambo Quemado foleni husimama.

Ili kupima uzito wa kukosa bahari, orodhesha bidhaa za Bolivia na uandike kila moja inatokea wapi. Zinki, fedha na bati kutoka Potosí na Oruro hushuka Arica au Antofagasta. Soya ya Santa Cruz ina njia mbili mbaya: kupanda milima kwenda Pasifiki, au kushuka mashariki hadi mto Paraguay na kuelea kwa majahazi ya mtoni hadi Atlantiki, njia inayokwama mto ukipungua maji. Gesi ilikuwa na bahati, kwa sababu haikuhitaji bandari: ilipita kwenye bomba hadi Brazili tangu 1999, na hadi Argentina. Mpango wa 2003 wa kuipitisha gesi hiyo bandari ya Chile uliamsha maandamano makubwa hadi Rais Gonzalo Sánchez de Lozada akajiuzulu. Asiyejua kilichotokea 1879 hawezi kuelewa kilichotokea 2003.

Gesi hiyo ilileta dola nyingi, hasa baada ya serikali ya Evo Morales kuitaifisha mwaka 2006. Uzalishaji ulifikia kilele karibu 2014, visima vipya havikutosha kufidia vya zamani, na mwaka 2024 Argentina ikaacha kununua kwa kuwa ina gesi yake. Uliposikia Bolivia haina dola, kiini chake kilikuwa hapo.

Peru inaenda kinyume: inaongeza milango. Bandari ya Chancay, kaskazini ya Lima, ilifunguliwa Novemba 2024, kampuni ya Kichina COSCO ikiwa na hisa nyingi, ili meli kubwa ziende Asia moja kwa moja. Usiandike kwamba imechukua nafasi ya Callao. Callao bado ni bandari kuu ya mizigo ya kila siku.

Pima madini kwa kipimo kimoja

Jioni ya pili ianze hapa, kwa sababu hapa ndipo hesabu huharibika zaidi.

Chile ni ya kwanza duniani kwa shaba, ikitoa zaidi ya tani milioni 5 kwa mwaka, karibu robo ya shaba yote inayochimbwa. Peru ilikuwa ya pili kwa miaka kadhaa hadi Kongo ilipoipita. Shaba ni karibu nusu ya mauzo ya nje ya Chile. Peru pia hutegemea madini kwa zaidi ya nusu, lakini imegawanya kikapu: shaba, dhahabu, zinki.

Kwanza, kipimo cha bei. London hunukuu shaba kwa dola kwa tani. Santiago hunukuu kwa senti za dola kwa ratili. Tani moja ni ratili 2,204.6, kwa hiyo dola 4 kwa ratili ni karibu dola 8,818 kwa tani. Sasa fanya hesabu ambayo kila mchumi wa Chile anaijua kichwani: tani milioni 5.3 ni karibu ratili bilioni 11.7, bei ikishuka senti 1 tu kwa ratili, nchi hupoteza takribani dola milioni 117 za mauzo kwa mwaka. Ndiyo maana habari za jioni za Chile husoma bei ya shaba kama za kwetu zinavyosoma bei ya petroli.

Pili, usichanganye makinikia na kathodi. Makinikia yana shaba asilimia 25 hadi 30 hivi, mengine ni salfa, chuma na mawe. Kathodi ni shaba tupu, asilimia 99.99. Tani 100 za makinikia bandarini ni tani 25 hadi 30 tu za shaba. Takwimu nzuri huandika «cobre fino», yaani shaba halisi iliyomo. Usipoyaona maneno hayo, usijumlishe. Tofauti hii pia inaeleza kwa nini shaba nyingi ya Kongo hutoka kama kathodi: kusafirisha mawe kwa lori hadi bahari ya mbali ni hasara, ilhali migodi ya Chile na Peru iko karibu na bandari na inaweza kumudu kuuza makinikia.

Tatu, lithiamu. Utasoma kwamba Bolivia ina lithiamu nyingi kuliko nchi yoyote, kisha utashangaa kwamba inauza kidogo sana. Tenganisha maneno mawili: rasilimali ni kiasi kinachokadiriwa kuwamo ardhini, akiba ni kile kinachoweza kutolewa leo kwa faida. Bolivia ina rasilimali ya zaidi ya tani milioni 20. Chile ina akiba ya zaidi ya tani milioni 9, na hadi 2024 ilikuwa ya pili kwa uzalishaji baada ya Australia. Sababu iko tena kwenye maumbile. Maji ya chumvi ya Salar de Atacama, uwanda wa chumvi wa Chile, huanikwa kwenye mabwawa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na jua kali lisilo na mvua hufanya kazi. Salar de Uyuni ya Bolivia hunyeshewa Desemba hadi Machi, hivyo maji hukauka polepole; na magnesi yake ni karibu mara 20 ya lithiamu, wakati Atacama ni karibu mara 6. Magnesi hiyo huingia gharama kuitenga.

Jihadhari pia na kipimo: taarifa nyingi huhesabu lithiamu kaboneti, siyo lithiamu yenyewe. Zidisha lithiamu tupu kwa 5.32 kupata kaboneti. Ukisahau, nchi moja itaonekana kubwa mara tano kuliko jirani yake kwa sababu ya karatasi tu.

Weka El Niño kwenye kalenda

Mkondo baridi huleta virutubisho juu, na virutubisho huleta anchoveta, samaki mdogo kama dagaa. Peru ndiyo mzalishaji mkubwa wa unga wa samaki duniani, unaolisha samaki wa kufugwa, kuku na nguruwe. Mwaka 1970 ilivua zaidi ya tani milioni 12. El Niño ya 1972 ilipokuja juu ya uvuvi uliokwishapitiliza, mavuno yaliporomoka hadi karibu tani milioni 2. Siku hizi kuna misimu miwili, kila meli ina kiwango chake, na eneo hufungwa samaki wachanga (chini ya sentimita 12) wakizidi. Msimu wa kwanza wa 2023 ulifutwa.

Kwa hiyo ukitumia mwaka mmoja tu kulinganisha Peru na jirani, angalia kama ulikuwa mwaka wa El Niño. Bahari ikipata joto, Piura, kaskazini mwa Peru, hufurika, samaki hukimbilia kusini na kwenye kina, na Altiplano mara nyingi hukosa mvua. Ni jambo lile lile ambalo kwetu huzidisha mvua za vuli. Tumia wastani wa miaka mitano.

Soma tarakimu za Kihispania bila kudanganyika

Chile na Bolivia huandika 1.098.581 pale ambapo sisi huandika 1,098,581 (hiyo ni eneo la Bolivia kwa kilomita za mraba). Mkato kwao ni desimali. Majedwali mengi ya Peru hutumia nukta kwa desimali kama yetu, kwa hiyo usinakili majedwali mawili bila kuhakiki. «Billón» siyo bilioni: ni milioni milioni. Bilioni yetu kwao ni «mil millones». Alama $ nchini Chile ni peso, siyo dola, na dola moja kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu peso 900. Takwimu za Chile na Bolivia hutolewa na taasisi iitwayo INE katika kila nchi. Ya Peru ni INEI.

Mwisho, geuza sarafu kwa uangalifu. Sol ya Peru imetulia kwa muda mrefu, jambo la kustaajabisha kwa nchi iliyokuwa na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 7,000 mwaka 1990. Boliviano ilifungwa kwenye 6.96 kwa dola tangu 2011, lakini kuanzia 2023 dola ziliadimika benki, na bei ya mitaani ilipita 10. Hesabu mwenyewe: pato la bolivianos 27,800 kwa mtu ni dola 3,994 kwa bei rasmi, na dola 2,780 kwa bei ya 10. Jedwali lako liwe na safu zote mbili kwa mwaka wowote kuanzia 2023, na juu ya kila safu uandike bei uliyotumia na tarehe yake.